Akiba ya Gauni la Njano

Ukimuuliza mtu yeyote mtaani kwao fundi wa magauni yuko wapi, naye atakuuliza: yupi, anayebana au anayeacha nafasi? Anayebana ni yule kijana wa pale barabarani, mwenye picha za wanawake wembamba mlangoni. Anayeacha nafasi ni Mama Akiba. Huyo ndiye ninayetaka kumsema leo, tena kwa mema, msije mkanielewa vibaya.

Jina hilo alipewa na wateja wake. Katika kila gauni analoshona, ndani ya mshono wa kila ubavu, huacha kitambaa cha ziada, inchi mbili mbele na inchi mbili nyuma, akakikunja na kukilaza kwa pasi mpaka mvaaji asijue kama kipo. Mafundi wengine huacha nusu inchi, na kinachobaki ni chao. Yeye hapana. "Mwili si ukuta," husema, pini zimejaa mdomoni. "Leo uko hivi. Mwaka ujao umejifungua, unaofuata umeugua, ukapona, ukapendwa, ukaachwa. Gauni lazima likuvumilie." Kuna wanawake mtaani wana gauni moja la mkono wake kwa miaka kumi. Linafumuliwa, linashonwa, linafumuliwa tena, na mwenyewe bado anapendeza.

Ana sheria nyingine mbili, na ole wako uzivunje. Ya kwanza, hasomi namba kwa sauti. Anakupima, anaandika kwenye daftari lake, anafunga daftari. Ukimuuliza, "Fundi, kiuno changu ngapi?" anakujibu, "Kinakutosha." Ya pili, hashonei mwili ambao haujafika. Bibi harusi akija akasema, "Nipunguzie inchi tatu hapa, siku yenyewe nitakuwa nimekonda," Mama Akiba anamkunjia kitambaa chake vizuri na kumrudishia. "Huyo mwembamba akifika, mwambie aje nimpime. Leo umekuja wewe."

Yeye mwenyewe ni mwanamke mkubwa. Tusizungushe maneno: ni mnene, tena mnene wa kutosha, na kiti chake cha cherehani kilitengenezwa na seremala kwa vipimo vyake. Mumewe ni fundi baiskeli, mwembamba kama spoki, na wakitembea pamoja watoto wa jirani huwaita Namba Kumi. Hakuwahi kuona tabu. Ngazi za sokoni anapanda taratibu, na anafika. Kwenye harusi anacheza mpaka vijana wanatafuta viti. Watoto wake watatu wakubwa wameshaoa na kuolewa, amebaki na binti wa mwisho nyumbani, msichana wa miaka kumi na saba aliyechukua umbo la mama yake kuanzia mabega hadi vifundo vya miguu.

Na alikuwa na gauni lake, bwana wee! La njano, lenye majani makubwa ya buluu. Alilishona siku tatu, kwa sababu alitaka pale mgongoni, kitambaa cha kulia kinapokutana na cha kushoto, majani yakutane sawasawa, nusu jani na nusu yake. Fundi yeyote atakwambia hiyo si kazi ya mchezo. Alilivaa kanisani, akalivaa kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa binti yake, akalivaa sokoni akitaka wauza mboga wamheshimu.

Basi, Jumapili moja mchana, familia imemaliza kula, runinga inaongea peke yake pale pembeni. Mama Akiba anachokonoa meno. Mtangazaji, kakaa kwenye kochi, sauti ya msiba, anasema unene ni janga, watu wameacha kujijali, watu wanakula ovyo. Pembeni yake picha za watu wakitembea barabarani zinapita. Si watu hasa. Matumbo, makalio na mapaja. Vichwa wamevikata vyote.

Likapita gauni la njano.

Lilionekana kwa nyuma, linapanda ngazi za soko taratibu. Limejaa kioo chote. Jambo la kwanza Mama Akiba kusema, na hili mumewe hulisimulia mpaka leo, lilikuwa: "Ona mshono huo! Majani yamekutana!" Kisha mkono wenye kijiti ukashuka polepole. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Yeye aliliona, tena kwenye taarifa ya habari, mbele ya mume na mtoto.

"Si wewe," mumewe alisema haraka.

"Gauni hilo nani mwingine analo?"

Binti yao aliinuka, akakusanya sahani zote, akaingia nazo jikoni, na hakutoka.

Kama ingeishia hapo, ingekuwa kero ya siku moja. Haikuishia. Kile kituo cha runinga kilikipenda kipande kile cha video. Kila walipozungumzia unene, sukari, mioyo, hata bei ya mafuta ya kupikia, gauni la njano lilipanda ngazi. Watu wakakichukua kipande hicho, wakakitumiana kwenye simu, wakakiwekea muziki wa ngoma nzito kila hatua. Shuleni, wenzake binti yule walikuwa wameliona gauni lile kwenye kikao cha wazazi. Kufika Jumatano walikuwa wameshampa jina jipya. Akiingia darasani, mmoja anasema kwa sauti ya mtangazaji, "Na sasa ni Taarifa," wote wanaangua kicheko.

Hilo Mama Akiba hakuambiwa na binti. Aliambiwa na mteja, naye alipolisikia, damu ilimpanda. Yeye kuchekwa angemeza. Mtoto kuchekwa kwa ajili ya gauni lake, hapana. Akafunga duka, akapanda basi mpaka kwenye kile kituo cha runinga.

Alipokewa na kijana mmoja mwenye adabu zake, katika ofisi ya vioo vitupu. Akamsikiliza. Akakiangalia kipande chenyewe kwenye kompyuta, mara mbili, Mama Akiba amekaa pale pale anautazama mgongo wake.

"Lakini mama," kijana alisema, "uso wako hauonekani. Ndiyo utaratibu wetu. Tunakata kichwa ili mtu asijulikane. Hakuna atakayekujua."

"Mwanangu amenijua."

Kijana akakohoa. "Nimekuelewa, mama. Nitalifikisha kwa wakubwa. Tutakupigia simu."

Mpaka leo ninapowasimulia, simu hiyo haijapigwa.

Alirudi nyumbani. Akalifua gauni la njano, akalipiga pasi, akalikunja, akalisukuma chini kabisa ya sanduku, chini ya mashuka. Wiki hiyo hiyo alikuja nesi wa zahanati, mwanamke wa umbo lake, akasema, "Fundi, lile gauni la kwenye taarifa umeshona wewe? Nimeliangalia lilivyomkalia yule dada pale nyuma, nikasema na mimi nishonewe." Unajua Mama Akiba alimjibu nini? "Kitambaa kimeisha." Mtu anakusifia kazi yako mchana kweupe, wewe unasikia matusi. Ndivyo aibu inavyoziba masikio.

Akaanza vituko. Akajishonea gauni jeusi, halafu jingine jeusi. Sokoni akawa anaenda alfajiri. Mume akimwekea kipande cha pili cha nyama, anakirudisha sufuriani. Yule aliyewafundisha wanawake nusu ya mji kusimama wima mbele ya kioo, sasa kioo cha dukani kwake alikigeuza kikatazama ukuta, akasema kinaingiza vumbi. Kinyozi hajinyoi.

Wakati huo shule ilikuwa imekaribia mahafali. Siku hiyo wahitimu huvua sare na kila mmoja huvaa nguo yake, na shangazi wa binti, dada yake fundi baiskeli, alikuwa amemletea kitambaa kizuri cha kijani, kinatosha gauni moja tu. Zimebaki wiki tatu, binti akaja dukani na kitambaa kifuani.

"Mama, nishonee la kubana."

"Simama nikupime."

"Usinipime. Punguza inchi mbili kila mahali kwenye vipimo vya zamani. Nitakuwa nimepungua." Akameza mate. "Na ile akiba usiweke. Inanitunisha ubavuni."

Mama Akiba akamtazama. Mdomo ulishafunguka kusema yale maneno aliyowaambia mabibi harusi miaka ishirini. Lakini mbele ya macho yake zikapita zile ngazi, likapita gauni la njano, akakisikia na kicheko cha darasa zima. Akajiambia, labda kwa huyu mtoto bado mapema, labda huyu ataokoka. Akachukua chaki.

Alikata kwa vipimo vya mtu asiyekuwepo. Akatupa na akiba yote, vipande vyembamba vya kijani vikaanguka sakafuni, akavifagia. Kusema kweli mkasi ulikuwa mzito mkononi siku ile, naye alijua kwa nini. Alikata hivyo hivyo.

Wiki mbili zikapita. Binti akawa mpole kupita kiasi. Anapakua chakula chake mwenyewe, anasema atakula nje kwenye upepo, anarudi na sahani nyeupe. Mama akafurahi kidogo, akasema angalau mtoto anakula. Mpaka alasiri moja, zimebaki siku mbili kufika mahafali ya Jumamosi, jirani yao, mwalimu mstaafu, akagonga mlango wa duka, amembeba paka wake wa kijivu kwa mikono yote miwili.

"Mama Akiba, nimekuja kushukuru."

"Kwa lipi tena, Mwalimu?"

"Huyu hapa. Si unamkumbuka alivyokuwa, mifupa mitupu? Mwangalie sasa alivyonawiri! Mashavu hayo! Binti yako ana roho nzuri jamani, kila mchana anamletea sahani. Wali, nyama, hata mkate wa asubuhi."

Paka alikuwa kama mto wa kitandani. Alifumba macho, ameridhika na dunia. Mama Akiba akampapasa kichwa, akamshukuru Mwalimu, akasubiri afike kwake. Kisha akasimama katikati ya duka, anasema peke yake. Paka akinenepa amenawiri, anabebwa mtaa mzima apongezwe. Mwanangu akinenepa ni janga la taifa!

Akaingia ndani, nyumbani kwao nyuma ya duka, kwa hatua ambazo hata ngazi za sokoni hazijawahi kuziona. Alimkuta binti chumbani amevaa gauni la kijani, zipu imekwama katikati ya mgongo, ameingiza tumbo mpaka midomo imemkauka.

"Mama, umefika wakati mzuri. Vuta tu. Nimebana pumzi."

Mama hakuvuta. Lakini msichana alijinyoosha kuifikia zipu mwenyewe, na hapo ukasikika mlio anaoujua kila fundi. Mshono wa ubavuni ulikuwa umeachia kuanzia kwapani hadi kiunoni. Miaka ishirini, mshono wa Mama Akiba haujawahi kuachia.

"Bado inchi moja tu!" Binti alikuwa ameanza kulia. "Ushone, mama. Sili kitu mpaka Jumamosi, utaona, litaingia. Bado inchi moja tu."

Mama Akiba akakaa kitandani, kitanda kikalalamika, akamvuta mtoto akakaa kando yake.

"Kosa ni langu," alisema. "Nyamaza, nisikilize. Nimewafukuza mabibi harusi wangapi humu? Nikaja kumshonea mwanangu mwenyewe mwili ambao haujafika. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wasije wakakuona kama walivyoniona mimi."

Binti akafuta pua kwa mkono. "Mimi niliona aibu, mama. Siku ile ya kwanza, pale kwenye runinga. Nilikuonea aibu wewe. Halafu nikaona aibu kwa sababu nimekuonea aibu. Nikaona heri nipungue, nisifanane."

Neno hilo lilimchoma Mama Akiba mahali ambapo mtangazaji na kochi lake hawakufika. Hakulificha. Alilia, wakalia wote wawili, na fundi baiskeli aliyechungulia mlangoni na bisibisi mkononi akarudi nyuma taratibu kama mwizi.

Kisha Mama Akiba akapiga moyo konde, akasimama. "Mficha uchi hazai. Umesema, nimesikia, nimeshukuru. Sasa twende jikoni. Paka ameshiba, zamu yako."

Wakala. Kimya kwanza, halafu kwa kelele, maana binti alisimulia jinsi paka alivyozoea mpaka akawa anamsubiri mlangoni saa saba kamili, na siku ya maharage alinusa akamwangalia kwa dharau. Mama alicheka mpaka akashika meza. Alikula na kile kipande cha pili cha nyama.

Baadaye wakarudi kwenye gauni. Kijani hakikuwepo tena, hata cha kufutia mkasi. "Nitatafuta kitambaa kinachofanana," mama alisema, "niweke kiraka chini ya kwapa. Ukibana mikono hakuna atakayeona."

Binti alikuwa amelishika gauni lililochanika, anaupitisha mshono kidoleni. "Lile lako la njano lina akiba?"

"Gauni gani langu halina akiba?"

"Basi toa hiyo. Iweke hapa, kutoka kwapani mpaka chini. Pande zote mbili."

"Mwanangu, lile watalijua. Shule nzima."

"Watalijua," binti alisema. "Si wameshanipa jina? Acha wanione vizuri basi."

Mama Akiba akaenda kwenye sanduku, akainua mashuka. Wakalilaza gauni la njano mezani, wakaligeuza ndani nje, wakaanza kufumua, mama ubavu huu, binti ubavu ule. Na hapo wote wawili wakashangaa. Nje, jua la miaka minne lilikuwa limeipausha ile njano, wala hawakuwa wamegundua. Kile kitambaa kilichokunjwa ndani hakijawahi kuliona jua. Kilikuwa kinang'aa kama siku kilipotoka dukani, na majani yake ya buluu yalikuwa mabichi kabisa.

Vilitoka vipande vinne, virefu. Mama Akiba akakigeuza kioo cha dukani kikatazama chumba, akamsimamisha mtoto, akampima kama anavyopima mteja yeyote, aliye mbele yake. Akaandika. Akafunga daftari.

"Ngapi, mama?"

"Kinakutosha."

Akaviunga viwili viwili, akavipachika ubavuni, majani yakakutana. Na ndani, amini usiamini, aliacha akiba. Ndogo, lakini aliiacha. Gauni lake mwenyewe akalishona tena, sasa halina ziada yoyote.

"Na wewe ukiongezeka?" binti aliuliza.

"Nikiongezeka utanipa kijani chako."

Jumamosi waliingia uwanja wa shule watatu kwa mstari: fundi baiskeli katika suti iliyomkalia kama ya kuazima, binti katika kijani chenye mbavu za njano, na nyuma yao lile gauni lenyewe, lile la ngazi, lina kichwa safari hii, na kichwani kilemba cha buluu. Vichwa viligeuka kwenye viti. Kuna aliyeanza, "Na sasa ni Taa..." akaishia hapo, kwa sababu binti alikuwa amegeuka, amemtazama, anangoja amalize. Hakumalizia. Siwezi kusema wote walinyamaza. Kuna waliocheka, wapo kila mahali. Lakini nesi wa zahanati, mwenye mtoto wake pale, aliinuka kitini akapaza sauti: "Fundi! Na ulisema kitambaa kimeisha!"

"Jumatatu uje nikupime!" Mama Akiba alijibu, na moyo wake ukakaa mahali pake.

Baada ya hotuba, ambazo zilikuwa ndefu kama kawaida ya hotuba, alikuja mpiga picha wa shule. Kijana mchangamfu, ana haraka. Akamweka mama huku, akamsogeza binti kule, baba pembeni.

"Mama, wewe jifiche kidogo nyuma ya mwanao. Na wewe dada geuka ubavu, hivyo utaonekana mwembamba."

"Tupige tulivyo," binti alisema.

"Haya, sawa." Akarudi nyuma hatua moja, akagonga ukuta. Akainua kamera, akaishusha. "Lakini hamtaenea wote. Hapa lazima nikate mahali."

"Kata miguu," alisema binti. "Kata na baba ukitaka. Vichwa tuachie."

Mama Akiba aliangua kicheko, akamkumbatia mtoto kwa nguvu zote, na mpiga picha, ambaye hakuelewa kitu, akabonyeza. Picha hiyo iko dukani, imetundikwa juu ya cherehani, mahali ambapo mteja akisimama kupimwa lazima aione. Miguu haipo. Baba amebaki bega moja. Vichwa viwili vipo, vyote vizima, midomo wazi, vinacheka.